Gia ya usukani au gia ya chini? Kabla hujaitoboa sakafu ya gari lako la zamani

Duara la chaki lilikuwa limeshachorwa kwenye sakafu ya Pijo langu, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, na kijana wa gereji ameshika drili. Gia zake zinaingizwa kwa liva, ule mkono wa kuingizia gia, iliyo kwenye bomba la usukani badala ya kutokea sakafuni. "Bosi, hizi gia za usukani ni za wazee. Nikuwekee ya chini, utaendesha kama Corolla." Gari ni 404 pikapu. Gia namba mbili ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na mimi nilishachoka kiasi cha kukubali lolote. Kilichoniokoa ni umeme kukatika. Ulipochelewa kurudi, fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa anakunywa kahawa jirani akajilaza chini ya gari, akatoka na vitu viwili mkononi: mauntingi ya injini, yaani mpira unaoikalia injini, iliyochanika katikati, na bushi, kile kikombe kidogo cha kiungo, ya fimbo inayounganisha liva na gia boksi, iliyobaki kama ganda la karanga. Jioni nilirudi nyumbani na gia zote nne, sakafu yangu nzima.

Sisimulii hili ili kuwasema wanaohamisha gia. Nimeshasaidia kuhamisha, na kuna gari ambalo ningelihamisha kesho. Ila watu wakiuliza "nibadilishe au nisibadilishe?" huwa wanachanganya njia tatu tofauti katika swali moja. Ya kwanza ni kuifufua gia ya usukani uliyo nayo. Ya pili ni kuiacha gia boksi ileile na kuifungia liva ya chini. Ya tatu ni kutoa gia boksi yote na kuweka nyingine ambayo ilizaliwa na liva yake chini. Gharama zake haziko karibu, na faida zake hazifanani hata kidogo.

Kwanza jua gari linaumwa nini

Zima injini. Kanyaga klachi, pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikalia na kugoma ukiwasha, tatizo lako ni klachi: haiachii vizuri. Angalia silinda zake kama zinavuja, angalia hewa kwenye mfumo, angalia urefu wa pedali. Liva ya chini haitatibu klachi. Utakuwa umetoboa sakafu, na namba moja italia vilevile, safari hii karibu na goti lako.

Zikiwa nzito hata injini ikiwa imezimwa, mtie mtu ndani achezeshe liva taratibu, wewe ujilaze chini utazame. Kutoka mkononi hadi kwenye gia boksi kuna viungo vingi: chini ya bomba la usukani, kwenye mikono midogo, kwenye kila ncha ya fimbo. Tuseme viungo sita, kila kimoja kimelika nusu milimita. Huko chini tayari una milimita tatu ambazo fimbo inatembea bila kusukuma kitu, na kwenye ncha ya liva, ambayo ni ndefu, uchezaji huo unakuzwa mara kadhaa. Ndiyo maana gia ya usukani iliyochoka inaonekana kama imekufa kabisa wakati hakuna kilichovunjika. Kila kiungo kimeiba kidogo kidogo.

Halafu mauntingi. Bomba la usukani limefungwa kwenye bodi. Gia boksi imefungwa kwenye injini, na injini inakaa juu ya mipira. Mpira ukichanika, injini inainama kila ukikanyaga mafuta, na fimbo zinavutwa bila mkono wako kuzigusa. Gia inaruka, au inakataa kuingia kwenye mlima tu. Ukiona dalili inayobadilika kulingana na mzigo wa injini, anza hapo.

Na oili. Wenye Pijo hili hulisahau: gia boksi za 404 na 504 zilitengenezwa kutumia oili ya injini, si ile oili nzito ya gia tunayomimina kwenye difu. Fundi akijaza nzito kwa mazoea, asubuhi ya baridi ya Iringa au Limuru gia zinakuwa kama kukoroga ugali wa mtama. Soma kitabu cha gari lako kabla hujalaumu liva.

Njia ya kwanza: kuifufua iliyopo

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo mafundi wengi hawaipendi, kwa sababu ni kazi ya subira na haina kitu cha kumwonyesha mteja. Unabadilisha bushi zote kwa pamoja. Ukibadilisha iliyolika zaidi peke yake, utarudi baada ya miezi miwili kwa ya pili. Zisipopatikana dukani, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kuzitengeneza kwa shaba au nailoni ngumu ukimpelekea pini ya kupimia. Kisha unaweka grisi na kuzipanga fimbo upya: gia boksi kwenye nyutro, liva kwenye nyutro, ndipo unakaza nati. Mtu anayekaza nati kwa kukisia anapoteza kazi yote.

Faida yake kubwa ni nafasi. Gia ya usukani ilienea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa sababu hiyo hasa: kuacha sakafu wazi ili kiti kirefu cha mbele kibebe watu watatu. Aliyewahi kusafiri na Pijo za abiria anajua maana yake. Mtu wa katikati kwenye kiti cha mbele alikuwa na mahali pa kuweka miguu. Weka liva ya chini pale, na kila unapoingiza namba mbili au nne unaomba radhi kwa goti la mtu. Kama gari lako ni steisheni wageni la familia na kiti kirefu kiko hai, nitakuambia wazi: usihamishe.

Kuna na heshima ya gari. Pijo 404, lililotoka mwaka 1960, lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na miaka miwili ya katikati ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania. Sisemi liva ndiyo iliyoshinda. Nasema gari la namna hii lina watu wanaolijua, na kwenye mashindano ya urembo wa magari kama lile la Concours d'Elegance la Nairobi, majaji wanaangalia kama gari liko lilivyotoka kiwandani. Tundu la sakafu halifichiki.

Ubaya wake? Spea zinatafutwa. Na dereva wa siku hizi haijui. Kijana wa kuosha magari alinirudishia funguo mara moja akaniambia, "Mzee, gari lako halina gia." Kwangu hiyo ni kinga ya wizi. Kwa mwenye biashara anayebadilisha madereva kila mwezi ni hasara ya kweli, maana dereva asiyezoea anailazimisha, na kulazimisha ndiko kunakoua bushi.

Njia ya pili: liva ya chini, gia boksi ileile

Hapa ndipo palipo na maneno mengi, kwa hiyo nitakaa.

Wengi wanadhani kuhamisha ni kuhamisha liva. Kwa kweli unahamisha akili ya mfumo, yaani ile sehemu inayoamua fimbo ipi isogee na lini. Na akili hiyo haifanani kwenye kila gari. Gia boksi za Kimarekani za namba tatu, yaani zenye gia tatu za mbele, kama zile za pikapu za Chevrolet na Ford za miaka ya 1960, zina mikono miwili ubavuni. Mkono mmoja ni wa namba moja na riversi, mwingine ni wa namba mbili na tatu. Ukivuta liva kuelekea kwako unashika fimbo ya kwanza, ukiisukuma mbali unashika ya pili. Bushi zikilika, unaweza kutoka kwenye fimbo moja kabla haijarudi nyutro ukashika nyingine, na gari linakwama katika gia mbili kwa wakati mmoja. Wenye magari haya wanajua kufungua boneti katikati ya barabara na kuvuta mikono ile kwa vidole. Kwa gia boksi ya aina hii liva ya chini ni dawa nzuri. Kampuni kama Hurst ilijijengea jina kwa liva hizi: kifaa kimoja, fimbo mbili fupi, na kizuizi ndani yake kinachokataza kushika zote mbili.

Gia boksi ya namba nne kama ya Pijo haifanyi kazi hivyo. Fimbo moja inachagua njia, nyingine inaingiza gia. Kifaa cha Kimarekani cha namba tatu hakina la kufanya hapo, hata fundi akikuapia kwamba ataunga kwa kuchomelea. Bahati ni kwamba 504 zilitoka kiwandani za aina zote mbili, za usukani na za chini, na gia boksi ya BA7 ilitumika kwenye 404 za baadaye na kwenye 504. Kwa hiyo ukitaka liva ya chini kwenye Pijo, tafuta 504 iliyochinjwa yenye liva ya chini na uchukue seti nzima: liva, fimbo, mikono, kikalio chake na bolti zake. Usikubali kuuziwa liva peke yake ukaambiwa "vingine tutatengeneza". Na usikate sakafu ya 404 kwa kipimo cha 504. Ifunge seti kwenye gia boksi kwanza, ijaribu gia zote kutoka chini, kisha ndipo uamue tundu likae wapi.

Swali muhimu kuliko yote ya njia hii ni moja: kikalio cha liva kinafungwa wapi? Kikifungwa kwenye gia boksi yenyewe, liva inatembea pamoja na injini, na ule ugonjwa wa mauntingi niliousema unaisha kabisa. Kikifungwa kwenye sakafu ya bodi, umeuhamisha ugonjwa kutoka usukani kwenda sakafuni, ukaulipia. Nimeona kazi za aina hii ya pili, zimepakwa rangi vizuri, liva imevikwa ngozi, na gia ya tatu inaruka kila kwenye tuta. Muulize fundi swali hilo kabla ya bei. Akisita, ondoka.

Jambo lingine linalotuhusu sisi tunaoendesha kushoto mwa barabara: vifaa vingi vya kununua vimetengenezwa kwa gari lenye usukani kushoto. Liva yake imepindwa kumfuata dereva wa kushoto. Kwako itainama kumwelekea abiria, na namba tatu itakuwa mbali kama redio ya jirani. Liva inaweza kupindwa upya, lakini ipashwe moto na mtu anayejua chuma, na ikae mbali na plastiki na mipira ya ndani ya kifaa wakati wa kupashwa.

Kabla hujakata, kaa kwenye kiti chako mwenyewe, kisogeze ulivyozoea, na muombe mtu ashike kipande cha fito mahali liva itakapotokea. Kivute hadi namba mbili. Kinagonga kiti? Kinagonga handibreki? Mkono unafika bila mgongo kuacha kiti? Dakika hizo kumi ni rahisi kuliko kuziba tundu.

Tundu lenyewe lisiwe na kingo kali, lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na livikwe mpira wa tabaka mbili. Barabara zetu haziruhusu uzembe hapa. Vumbi jekundu linaingia kwenye tundu la sindano, na masika maji yanarushwa na magurudumu hadi chini ya mazulia. Sakafu nyingi za magari ya zamani zimeoza kutokea kwenye tundu ambalo mtu alisema atalifunika kesho.

Usisahau ulichokiacha juu. Ukitoa liva ya usukani, tundu lake linabaki kwenye bomba, na fimbo za zamani zitolewe zote. Kuziacha zikining'inia karibu na usukani ni kutafuta ajali. Swichi ya taa za riversi nayo huenda ilikuwa inabonyezwa na mfumo wa zamani. Na kwenye magari ya General Motors kuanzia mwaka 1969, ufunguo na kufuli ya usukani viliunganishwa na liva. Ukiiondoa bila kushughulikia kiungo hicho, ufunguo unaweza kukataa kutoka.

Kwa Land Cruiser FJ40 za mwanzo, zenye namba tatu kwenye usukani, kazi ni nyepesi kidogo. Kile kifuniko cha chuma kilichovimba juu ya gia boksi kimefungwa kwa bolti. Hukati sakafu, unakata au unabadilisha kifuniko, na siku ukijuta unarudisha cha zamani. Hifadhi cha zamani.

Kama gari lako ni otomatiki

Hapa naenda haraka kwa sababu jambo lenyewe ni fupi ila ni la hatari. Kuhamisha liva ya otomatiki ni rahisi kuliko manyuo: kebo moja, kifaa kimoja, bolti chache. Urahisi huo ndio unaowadanganya watu. Ndani ya gia boksi kila gia ina kituo chake, na liva lazima ikae kwenye kituo hicho hasa. Ikikaa nusu, presha ya oili inapungua na sahani za ndani zinaungua polepole bila kelele. Ikikaa nusu kwenye P, ya kuegesha, lile jino linaloshika gari halijaingia, na gari litashuka mlima wewe ukiwa dukani.

Swichi ya nyutro ni lazima. Gari lenye liva mpya bila swichi hiyo linaweza kuwaka likiwa kwenye D (ya mbele) au R (ya riversi). Mtoto akizungusha ufunguo, gari linaruka. Kebo ipite mbali na ekzosi. Fundi akisema swichi "si muhimu sana", huyo si wako.

Njia ya tatu: gia boksi nyingine

Watu wengi wanaotaka liva ya chini, ukiwahoji vizuri, wanataka namba tano. Wamechoka injini kupiga kelele kwenye barabara ndefu ya Dodoma. Kama ndiye wewe, ruka njia ya pili kabisa. Usilipie tundu na kifaa leo halafu uvifumue mwakani.

Kwenye Chevrolet za zamani watu hutumia T-5 ya namba tano iliyotoka kwenye pikapu ndogo ya S-10, kwa sababu liva yake inatokea mbele zaidi na haigombani na kiti kirefu. Kwenye FJ40 watu huchukua gia boksi ya namba nne ya FJ40 za baadaye, na hapo chuma kinabaki cha ukoo mmoja. Lakini hata kwa ndugu wa damu, orodha ya kukagua ni ndefu: nyumba ya klachi, meno ya shafti na ya sahani ya klachi, bearingi ndogo ya nyuma ya krenki, urefu wa propela, kikalio cha nyuma, kebo ya spidomita. Kimoja kisipolingana, gari linakaa gereji mwezi.

Kwa Pijo ni hadithi nyingine. Propela ya 404 haiko wazi. Inazunguka ndani ya bomba la chuma lililoungwa nyuma ya gia boksi, na bomba hilo ndilo linaloshika ekseli isisogee mbele na nyuma. Ukiweka gia boksi ya Toyota umekata mgongo wa gari: unahitaji propela mpya, na unahitaji namna mpya ya kushika ekseli ya nyuma. Wapo waliofanya. Wengi wameishia kufunga ekseli nzima ya gari lingine, na swali likawa hili bado ni Pijo au ni Hilux iliyovaa kanzu ya Pijo.

Basi ningechagua nini?

Pijo la familia au la maonyesho: bushi mpya, mauntingi mpya, oili sahihi, na likae lilivyo. Pijo pikapu la kazi lenye viti viwili tofauti na madereva wanaobadilika: liva ya 504 yenye kikalio kwenye gia boksi, kama umepata seti kamili. Bila seti kamili, rudi kwenye bushi.

Land Cruiser ya namba tatu ningeipa gia boksi ya namba nne bila kufikiri mara mbili, kwa sababu kwenye mlima na mzigo pengo kati ya namba moja na mbili ni kubwa, na liva ya chini peke yake haizibi pengo hilo. Chevrolet au Ford ya namba tatu ambayo inakwama kila wiki, na huna mpango wa safari ndefu, ningeifungia kifaa cha chini cha kununua nikalala usingizi.

Otomatiki ningeiacha juu. Sijaona sababu zaidi ya sura.

Njia yoyote utakayochagua, kila kitu kinachotolewa kitie kwenye boksi moja, kikiwa kimefungwa na karatasi inayosema kilikaa wapi, na boksi hilo liende nyumbani nawe jioni hiyohiyo. Likibaki gereji, ukirudi utakuta fimbo zako zinanyanyulia boneti ya gari la mtu.